Ratili Nne za Upinde

Twiga, binti wa fundi, aliutundika upinde wake kwenye mizani ya karakana, akauvuta mpaka alama ya mvuto iliyochorwa ubaoni. Nguvu yake: ratili arobaini na moja. Akatundika wa kaka yake: arobaini na tano. Akafuta kioo cha mizani kwa aproni, akarudia. Namba zikabaki zilezile.

Pinde zote mbili zilikuwa kazi ya baba yao, fundi wa pinde ndefu za kupimiwa: mbao katikati, faiba mgongoni na tumboni, ncha zimejikunja kidogo kwenda mbele. Alisema hizo ndizo za mwisho, macho yamechoka. Jumamosi, zikishajaribiwa, angetaja wa kumwachia karakana. Twiga alikuwa amekula vumbi la mbao humo miaka kumi na miwili. Kaka mtu alikuwa akipita tu, kunywa chai na kupiga soga.

"Baba, wangu mbona laini?"

"Uvute kwanza, mama," alijibu mzee bila kuinua uso.

Jibu gani hilo? Kaka naye alikuwa akicheka pembeni, na hata kicheko hicho Twiga alikitia shaka. Kumbe mambo yameshapangwa, yeye anazungushwa tu!

Haya, kama ni ratili nne, angezitafuta mwenyewe. Upinde ukifupishwa huwa mgumu zaidi kuvuta. Ijumaa, baba alipokwenda kwa daktari wa macho, Twiga alikata upana wa kidole kila ncha, akachonga upya mifuo ya kamba, akapaka vanishi. Mizani ikasoma arobaini na tano. Akatabasamu peke yake.

Jumamosi, nyuma ya karakana, kaka alilenga kwanza, akapata. Twiga akavuta mpaka shavuni, kama kawaida yake. Upinde ukalia ko! Nusu ya juu ikapasuka, ikabaki kuning'inia kwenye kamba.

Mzee aliokota, akapapasa ncha kwa kidole gumba.

"Umekatwa," alisema, akamgeukia mwanawe wa kiume. "Alama ya ubaoni ni inchi ishirini na nane, mvuto wako wewe. Dada yako ana mikono mirefu, anavuta thelathini. Kwake upinde huu ulikuwa arobaini na tano kamili, sawa na wako. Ulijua nataka kumwachia yeye, ndiyo maana ukamharibia?"

"Baba, mimi hata msumeno sijui unakaa wapi!"

Ilikuwa kweli tupu, na mzee hakuiamini. Twiga alikuwa na la kufanya moja tu ili karakana iwe yake: kunyamaza. Alimwona kaka yake akimtazama, akisubiri dada yake amtetee.

"Ni mimi, baba. Nilipima kwa alama ya ubaoni."

Mzee alikaa chini kwenye gogo. Alimshika mwanawe wa kiume mkono, akamwomba radhi, kisha akamgeukia binti yake.

"Ulidhani ningekupunja mimi?"

Ndivyo hasa Twiga alivyodhani.