Upepo wa Tairi la Mbele

Naserian alichukua siku nne kuamua, na aliamua vizuri. Agnela, mwenye kampuni ya kutembeza wageni kwa baiskeli kule Moshono, alitaka mwongozaji mmoja tu, na waliobaki kwenye mchujo walikuwa wawili: yeye na Prosper wa Ngaramtoni. Kila mmoja alipewa baiskeli ya milimani aiandae kwa mikono yake mwenyewe. Wangepanda msitu wa juu ya Olmotonyi mpaka kwenye uwazi wa nyasi, kisha wangeshuka. Atakayemaliza wa kwanza akiwa mzima, kazi ni yake.

Asiyejua angedhani ni suala la mapafu, kumbe siku zile nne ziliishia kwenye kuamua baiskeli iandaliwe vipi. Ukiinua siti, miguu inasukuma vizuri mlimani, ila wakati wa kushuka siti hiyo inakutupa mbele. Ukiishusha, unateremka kwa raha zako lakini mlimani magoti yanalia. Naserian aliiweka katikati. Gia ya mbele akafunga ndogo. Kilichomhangaisha zaidi ni tairi, maana gumu hupanda kwa wepesi na laini hushika mizizi unaposhuka. La nyuma akalijaza kiasi, la mbele akaliacha laini mpaka likabonyea kwa kidole gumba. Aliijaribu njia ileile mara sita, na mara ya sita hakuteleza hata kidogo. Siku hiyo alilala na furaha.

Asubuhi alimkuta baba yake, Tajeu, ameinama uani juu ya ile baiskeli, pampu mkononi, jasho linamtiririka. Tajeu alikuwa amepeleka maziwa sokoni Ngaramtoni kwa baiskeli miaka ishirini na mitano, madumu matatu nyuma, na kwa mzigo ule tairi laini ni kuua rimu. Hilo alilijua sana. Bahati mbaya, kuhusu tairi alijua hilo tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ungeendaje na tairi limelala namna hii? Ungetutia aibu." Akalipiga la mbele ngumi. "Sasa ni jiwe."

Kisha akalitemea mate kidogo, kama wazee wanavyobariki, akamwombea binti yake kwa Mungu safari njema. Mama, Naisiae, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaitikia amina. Nani angetoa upepo ule mbele ya macho yake? Ingekuwa kumrudishia mzee baraka yake usoni.

Agnela alikuja na gari, akawapeleka Tajeu na wazee wawili wa rika lake wakasubiri juu, kwenye uwazi. Naserian akabaki pa kuanzia na Prosper, na muda wa kutoa upepo ulikuwepo. Hapo tamaa ikamwingia. Tairi gumu si linapanda? Basi apande nalo, akifika juu atalipunguza.

Na kweli alipanda. Alimwacha Prosper mbali, akatokea kwenye uwazi peke yake. Akashuka haraka, akapiga goti, akashika kifuniko cha vali.

"Unafanya nini?" Tajeu alipaza sauti. "Tairi ni zima hilo! Nenda!"

Wazee wale wawili wakamtazama. Naserian akautazama uso wa baba yake, ulivyojaa fahari siku hiyo kuliko siku yoyote aliyoikumbuka. Akaondoa mkono kwenye vali, akapanda, akaenda.

Hakufika mbali. Kwenye mizizi ya kwanza tairi la mbele liliruka kama mpira, likatua pembeni, naye akaruka juu ya usukani. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika chini yake. Prosper akampita, akaita "Pole, dada!" na hakusimama.

Agnela alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimfunga mkono kwa mtandio wake, kisha akabonyeza tairi. Kidole hakikuingia.

"Naserian, juzi nimekuona ukishuka hapahapa, hukuwa na tairi hili. Nani kalijaza?" Aliinama karibu zaidi. "Kama kuna mtu kaligusa, niambie tu. Ukipona utarudia, Prosper anaweza kusubiri."

Tajeu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, pamoja na wenzake. Alikuwa amesikia kila neno. Naserian alimsubiri. Alimsubiri kwa moyo wote, huku maumivu yakimpanda mpaka begani, maana mtoto hamtaji baba yake mbele ya rika lake, lakini baba anaweza kujitaja. Tajeu akakohoa, akaanza kukung'uta majani kwenye shuka lake.

"Nimejaza mimi," Naserian akasema.

Agnela alisimama taratibu. "Basi siwezi kukukabidhi wageni," alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba imemuuma.

Jioni, alipotoka hospitali na plasta, uani palikuwa na majirani. Mmoja akauliza imekuwaje tena, si tulisikia aliongoza? Naserian akamgeukia baba yake. Hapa hapakuwa na Agnela wala kazi ya kupoteza. Alitaka neno moja tu.

"Alijaza upepo kupita kiasi," Tajeu akasema bila kupepesa macho. "Watoto wa siku hizi hawaulizi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Majirani wakaguna kukubali. Naserian akamtazama mama yake, aliyekuwa mlangoni asubuhi ile na kuitikia amina. Naisiae akainamisha kichwa, akaendelea kuchambua maharage.