Dawa ya Dawa

Eustace mwana wa Masolwa alirudi kutoka masomoni akiwa na kazi ya serikali na jina jipya: Bwana Mbung'o. Watu walimwita hivyo kwa utani, naye alilipenda. Dada yake Flavia alikufa kwa malale, akisinzia mchana kutwa huku ugali ukipoa mkononi, na tangu hapo Eustace hakuwa na adui mwingine duniani ila mbung'o, mwenezaji wa ugonjwa huo.

Kijiji chao cha ujamaa kilikuwa kimehamishiwa kando ya njia ya zamani ya misafara, pori limekizunguka. Eustace alileta mapipa na mabomba ya kubeba mgongoni. Mkutanoni alieleza kwamba mashina ya miti yatapuliziwa dawa, na mbung'o akitua tu, basi.

"Ikinyeshewa je?" mzee mmoja akauliza.

"Haioshwi na mvua, babu. Inakaa miezi."

Alilisema hilo kwa fahari. Chuoni aliijaribu mwenyewe ndani ya vizimba vya wavu. Mbung'o walikufa wote, na mle ndani hamkuwa na kiumbe kingine cha kufa.

Baba yake alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magome, mingine ya urithi, ilining'inia porini humohumo, na siafu walikuwa wakimsumbua.

"Nipulizie na mimi, mwanangu," akasema. "Mti wa mizinga nao upate dawa."

Kwa mzee Masolwa dawa ilikuwa kitu kinachoponya, hakujua nyingine. Eustace akacheka, akaupulizia ule mti kwa mkono wake, taratibu, kwa upendo.

Mbung'o walikwisha. Ng'ombe wakaletwa, watoto wakanywa maziwa, malale hayakurudi. Haki yake apewe.

Kisha miyombo ikachanua, baba na mwana wakaenda porini na ndoo zao. Chini ya mizinga nyuki walikuwa wametapakaa, wakavu kama pumba. Haukuwa mti ule peke yake. Walitembea hadi jua likawa utosini, na kote ilikuwa hivyo hivyo.

Masolwa aliweka sikio kwenye mzinga wa marehemu baba yake, akakaa hivyo kitambo. Eustace aliumia hata akashindwa kumtazama.

"Mwanangu," mzee akasema, "dawa ya dawa iko wapi?"

Eustace alipiga magoti, akaanza kuokota nyuki na kuwatia kwenye kofia yake ya kazi. Baba yake alisimama akingoja. Hakuuliza kwa kejeli. Aliamini kabisa kwamba mwanawe anayo.