Bega la Malaika

1.
Huanzi katikati. Unapigilia mbao mbili zikutane kwenye pembe, unalaza utepe wa madini ya risasi wenye mfereji pande zote mbili. Kioo kinaingia mferejini. Risasi tena. Kioo tena. Misumari inakibana kila kipande mpaka jirani yake afike. Mwisho kabisa, viungo vya risasi vinatiwa lehemu.

Sista Eusebia ameifanya kazi hii tangu akiwa mnovisi. Anaijua, na siku hizi anaichukia.

2.
TANGAZO
Masista wote mnaarifiwa kuwa dirisha jipya la vioo vya rangi litabarikiwa sikukuu ya somo wa parokia.
(Tarehe imekatwa. Imekatwa tena.)
Sista Eusebia asisumbuliwe karakana.
                    Mama Mkuu

Chini, kwa penseli: Kwani nani anamsumbua?

3.
Jikoni, Sista Blandina na mwenzake wanamenya ndizi.
— Ati anaacha utawa?
— Mwaka wa pili huu anaacha. Mama Mkuu kamwambia amalize dirisha kwanza.
— Sasa mbona haliishi?
— Bega la malaika. Kila akilikata, linapasuka.
— Mh!

4.
Bega jekundu: limepasuka.
Bega jekundu: dogo mno.
Bega

5.
Wewe unayesoma, usimwonee huruma upesi. Mkono uliokata mabawa mazima, unyoya kwa unyoya, unashindwaje na bega? Mkono ni mzima. Mwenye mkono anaogopa. Mama yake alikwisha kufa, na jina la Tumpe, alilozaliwa nalo, hakuna aliyebaki wa kuliita. Humu ndani anakosa pumzi. Huko nje

6.
"Tumsifu Yesu Kristo."
"Milele, amina. Karibu, Mama Mkuu."
"Mwanangu, nani anakuzuia kuondoka?"
"Si wewe ulisema nimalize dirisha?"
"Ulikuwa unalia. Nikadhani kazi itakutuliza. Sijawahi kukufungia mlango."

Alipotoka, Eusebia alishikwa na hasira, kisha aibu. Heri angefungiwa kweli, angepata wa kumlaumu.

7.
Akakata.

Kioo kikalia chini ya almasi ya kukatia, kikaachia sawasawa. Akang'oa msumari. Akasukuma.

Kimeingia.

Akapapasa kingo zote kwa kidole gumba akitafuta kasoro. Ufa mdogo tu, Bwana, hata

Hakuna.

8.
Blandina alichungulia, mikono ina utomvu wa ndizi.

"Sista! Kumbe limeisha!"

Eusebia hakuinua kidole kutoka kwenye kioo.

"Bado lehemu," alisema.