Sili ya Upande wa Kushoto

Mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigongagonga jikoni, na adhana ya alfajiri bado. Safia alikuwa amebandika maji, lakini si ya chai. Ndani mlikuwa na sili ya injini, pete ya mpira mweusi iliyokaa dukani miaka mingi hadi ikakakamaa. Alitaka ilainike kabla ya kuivalisha kwenye shafti. Marehemu mumewe, Seif, ndiye aliyemfundisha hivyo, na mpaka leo majirani wa pale Buzuruga humtania kwamba anapika mipira.

Aliiopoa kwa kijiko, akaifunga kwenye kitambaa safi, akaenda gereji, ubavuni mwa nyumba.

Injini ya mzee Ojuok ilikuwa mezani, imefunikwa kipande cha kanga kuukuu. Seif aliifungua, akavalisha sili ya upande wa kushoto, kisha akalazwa hospitali na hakurudi. Tangu hapo Safia ametengeneza bodaboda nyingi, maana alimshikia Seif spana tangu ujana wao, lakini hii hakuigusa. Kila Ojuok alipouliza, alijibiwa kuwa sili ya kulia haipatikani. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba Safia hakuitafuta sana. Hii ndiyo kazi pekee ya Seif iliyobaki njiani, na ikiisha, itakuwa imeisha.

Sasa Ojuok alikuwa anahamia kwao Rorya, na sili ameagiza mwenyewe kutoka Kisumu. Zilikuja mbili, kwa sababu huuzwa jozi.

Alifika kukipambazuka, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, shemeji. Pikipiki yangu imekaa kwako mpaka sasa inataka urithi."

"Si ungenunua mpya?"

"Mpya ina taa moja. Mjaluo ataingiaje kijijini na taa moja?"

Safia alicheka, akafunua kanga. Kicheko kikakatika.

Sili ikivalishwa sawasawa, ukiwa nje unaona uso wake ulio bapa. Mdomo wenye springi nyembamba hutazama ndani, uibane oili isitoke. Hii ya Seif ilikuwa imegeuzwa. Springi ilimtazama yeye, ikimetameta. Seif, aliyewagombeza mafundi wenzake kwa kosa hilohilo. Siku ile alikuwa na homa, akisimama kila mara kujifuta jasho, akisema, "Niachie hii, naimaliza mwenyewe."

Sili haitoki ikabaki nzima. Ukiichokonoa inachanika. Na akiiacha, injini itawaka tu, itaondoka ikinguruma, na pengine oili haitaanza kuchuruzika mpaka Ojuok awe mbali, Bunda huko, peke yake barabarani.

Aligusa ukingo wake. Kwenye chuma palibaki alama ya kidole gumba, ya grisi iliyokauka. Kidole kipana.

"Kuna tatizo?" Ojuok aliuliza.

"Hii ya kushoto itabidi itoke."

Ojuok akainama, akatazama. Pikipiki ile alikuwa nayo tangu ujanani, na hakuna asichokijua ndani yake. Alinyooka polepole.

"Mpira ukikaa sana unazeeka," alisema. "Hata uwe umevalishwa vizuri namna gani."

Kisha akatoka nje, akaanza kufuta taa nyingi za ile pikipiki isiyo na injini, akiupa mlango mgongo.

Safia aliingiza bisibisi, akaibinua sili taratibu ili asiikwaruze shafti. Mpira ulilia kidogo, ukatoka vipande viwili. Akavifunga kwenye pindo la kanga. Alilia, si sana. Halafu akarudi jikoni kuchemsha sili ya pili.

Aliizungushia shafti nailoni ya mfuko wa sukari, makali ya chuma yasije yakakata mdomo. Akapaka oili kwa kidole. Springi ndani, bapa nje. Akaisukuma kwa kipande cha bomba, akigonga kwa nyundo ya mbao, huku kidogo, kule kidogo, mpaka ikazama sawa na ukingo. Ya kulia nayo vivyo hivyo.

Alasiri injini ilikuwa kwenye fremu. Ojuok alipiga kiki, hola. Akapiga tena. Ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, ikashika. Mlio ule Safia hakuwa ameusikia tangu Seif akiwa hai. Alijikuta amenyoosha mkono ubavuni kwake, ameshika spana, anangoja ipokelewe.

Ojuok aliona. Akashuka, akaipokea ile spana kwa mikono miwili, akaiweka mezani.

"Haya shemeji, acha nikimbizane na jua."

"Nenda salama. Oili ikivuja, irudishe."

"Nitairudisha."

Alikuwa ameshaingiza gia Safia alipomsogelea na kushika usukani.

"Na isipovuja," alisema, "uje vilevile."