Programu Mbili za Matokeo

Mwalimu Zabroni alianza kumshuku Shakila siku alipomkuta ofisini mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, herufi nyeupe zikishuka mbio. Shakila, mwalimu mpya wa kompyuta, alipomwona tu akafunika laptopu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unafunga?"

"Nimemaliza."

Hakumwamini. Laptopu hiyo ndiyo iliyokuwa na programu ya matokeo ya sekondari yao pale Newala: unaingiza maksi, inapanga nafasi, inachapa ripoti. Mwalimu Fortunatus, aliyemtangulia Shakila, ndiye aliyeiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Pascal kabla ya kuhamia Masasi, na Zabroni, mwalimu wa taaluma, alimwamini Fortunatus kama ndugu wa tumbo moja. Huyu binti je? Siku tatu mfululizo Zabroni akawa anapita dirishani kama mtu aliyedondosha kitu. Siku zote tatu alimwona akichomoa flashi na kuizamisha mkobani.

Alhamisi mchana, wanafunzi wakiwa wamekwenda kuchota maji, akaingia bila hodi, akavuta kiti.

"Leo utanionyesha. Unabadilisha maksi za nani?"

"Mkuu aliniomba nibadilishe kichwa cha ripoti tu. Maandishi ya programu yapo kwenye flashi aliyoiacha Mwalimu Fortunatus. Laptopu hii ni dhaifu, haiwezi kubeba ile programu kubwa ya kuandikia, yenye vitufe na madirisha yake. Kwa hiyo ninakompaili kwa amri."

"Unafanya nini?"

"Ninayageuza maandishi kuwa programu inayofunguka. Nikaijaribu kwa maksi za muhula huu. Ikatoa orodha tofauti na ile ya zamani."

Akazifungua zote mbili. Kwenye ya zamani, wa kwanza kidato cha tatu alikuwa Ethel, binti wa Zabroni. Kwenye mpya Ethel alikuwa wa saba, na wa kwanza ni Rahima, msichana wa kijiji cha Mnyambe.

Damu ilimpanda Zabroni. "Umeichezea hii mpya."

"Basi tuifute."

Akaifuta. Akamsogezea laptopu, naye Zabroni, mwalimu wa hesabu, akasoma mstari kwa mstari pale wastani unapopigwa. Jumla ya maksi, gawa kwa idadi ya masomo. Hakuna jina la mtu. Shakila akaandika amri moja, herufi nyeupe zikashuka, programu ikazaliwa upya mbele ya macho yake. Ethel, wa saba.

Akachukua karatasi na kalamu, akapiga wastani wa mwanawe kwa mkono. Sitini na nne. Programu ya zamani ilisema sabini na tatu.

"Hii ya zamani," Shakila alisema, "ilitoka kwenye maandishi mengine. Hayapo humu kwenye flashi. Huko ndiko Ethel anakoongezewa maksi."

Zabroni akampigia Fortunatus palepale. Simu iliita sana.

"Kaka, yule ni mtoto wetu," Fortunatus alisema baada ya kuulizwa mara mbili. "Ulikuwa unahangaika naye. Nilikupunguzia mawazo tu."

Zabroni akakata simu bila kuaga.

"Kwa nini ulinificha siku zote hizi?" alimwuliza Shakila.

"Nilidhani ni wewe uliyemtuma Fortunatus aongeze maksi, Mwalimu."

Zabroni angekuwa mahali pake, angedhani hivyohivyo.

Jioni alimkuta Ethel anapepeta mchele barazani. Akamweleza yote bila kuzunguka. Binti aliendelea kupepeta.

"Nilikuwa nashangaa," alisema mwishowe. "Fizikia naikosa kila mara, halafu ripoti inakuja na themanini."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unaibeba ile ripoti mpaka kanisani, baba."

Ijumaa asubuhi Zabroni alimpelekea mkuu wa shule karatasi yenye hesabu zote alizozirudia, za muhula huu na za nyuma, na jina lake chini, akaomba uchunguzi uanzie kwake. Mkuu alimwondoa kwenye taaluma hadi uchunguzi uishe, na Zabroni hakubisha. Orodha mpya ilibandikwa kabla ya saa nne. Rahima aliisoma, akaisoma tena, kisha akageuka kumtazama mwalimu wake wa hesabu kwa jicho la mtu anayejiuliza ameibiwa mara ngapi. Zabroni alimfuata akamwambia, "Mihula minne." Msichana akaitika kwa kichwa, akaenda zake darasani.