Pacha wa Mwongozaji

Basi lilikuwa limeshaanza kutembea Dobi alipogeuka kumpungia binti yake mkono, na binti yake alikuwa ameshampa mgongo, simu sikioni, anakimbilia zamu yake ya hospitali. Mkono wa Dobi ukabaki hewani kidogo. Akaamua kujikunia nao kisogo, asije mtu akaona.

Safari ilikuwa zawadi. Binti yake ndiye aliyemkatia tiketi ya kutembezwa mji mkuu wa zamani kutwa nzima: ngome, jumba la watawala, na mwisho kabisa mnara wa saa. "Baba, umekaa ndani mpaka umefanana na kochi," alimwambia. "Nenda ukaone mji. Mimi nikitoka kazini nitakukuta mnarani, tukae tuongee, mimi na wewe tu."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyompandisha Dobi kwenye basi. Na mji hakuwa na shida nao. Mawe ni mawe. Lakini alikuwa na swali lililomkaa kooni tangu afike kwa binti yake: je, ahamie kwao moja kwa moja, au arudi kwenye nyumba yake, ambako tangu mkewe afariki hata panya wamehama? Swali kama hilo pale kwa binti yake lilikuwa halina pa kukaa. Nyumba yenyewe sebule na vyumba viwili, na mkwe habanduki mbele ya televisheni. Zamani mkwe mbele ya baba wa mkewe angeinamisha kichwa. Huyu wa siku hizi ni mcheshi. Juzi tu, chai ikinywewa, alisema, "Mzee, wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sasa huku ghorofani tukikupa jembe utalima wapi, kwenye zulia?" Wakacheka wote. Dobi akacheka kuwazidi, maana aliyechomwa ndiye anayetakiwa kucheka zaidi.

Mwongozaji wa safari alikuwa dada mrefu, sauti imemkwaruza kwa kushindana na honi. Alisimama katikati ya basi, mkono mmoja kwenye bomba la juu.

"Jamani, mimi sihesabu watu. Kuhesabu nimeacha. Nikifika katikati lazima mmoja aniulize choo kiko wapi. Hapa kila mtu ana pacha wake. Kabla hatujaondoka popote nitawauliza, pacha wako yupo? Ukimwona jibu yupo. Usipomwona, piga kelele."

"Na kama huyo pacha mwenyewe simtaki?" aliuliza bibi mmoja wa dirishani. Alikuwa amekaa na mdogo wake, bibi mwenzake, na walikuwa wamegombana tangu stendi juu ya nani abebe mwavuli.

"Huyo mtafute wa kwanza, bibi. Ukirudi bila yeye utagombana na nani?"

Basi lote likaangua kicheko. Maharusi wawili wapya wakakumbatiana, kama vile kuna mtu aliyetaka kuwatenganisha. Wengine wakatazamana kiti kwa kiti, kila mmoja akampata wake. Akabaki Dobi, na mkoba wa plastiki juu ya kiti cha pili.

"Mzee wangu, uko na nani?"

"Niko na kiti."

"Kiti hakijui kupiga kelele. Basi pacha wako ni mimi."

"Nitakuchosha, mwanangu. Mwendo wangu wa kinyonga."

"Hunichoshi. Kazi yangu yenyewe kusimama."

Dobi akajikuta amekaa vizuri zaidi kitini. Ni muda mrefu tangu awe wa mtu.

Ngomeni walionyeshwa mizinga, na shimo walimotupwa wafungwa. Mwongozaji alieleza nani alimpindua nani, mpaka bibi mkubwa akasema afadhali yeye na mdogo wake wanagombea mwavuli. Kila walipopanda basi swali liliulizwa, na jibu likapita viti vyote, yupo, yupo, yupo, kama watoto darasani. Mwisho mwongozaji alimtazama Dobi na kusema, "Na wangu namwona." Dobi alikuwa anaingoja hiyo sentensi. Kwa mtu mzima ni aibu kidogo, lakini alikuwa anaingoja.

Mchana wakaingia jumba la watawala. Huko juu ni viti vya dhahabu vilivyozungushiwa kamba, na picha za watu wanene. Walipofika katikati ya ngazi kuu, yule bibi mdogo akashikwa na kizunguzungu, akakaa chini. Watu wakamzonga, mwongozaji akawa anapepea kwa kofia na kuagiza maji. Dobi aliona kuongeza kichwa kingine pale si msaada. Akashuka kwa ngazi ya nyuma, ile ya watumishi, akatokea kwenye chumba cha kufulia.

Alijua ni chumba gani kabla hajasoma kibao. Kulikuwa na mabeseni ya bati, na meza ndefu iliyounguzwa na pua ya pasi ya mkaa, alama nyeusi hapa, alama pale. Kwenye meza kama ile alikuwa amesimama maisha yake yote, upande wa pasi. Upande wa pili alisimama mkewe, bakuli la maji mkononi, akinyunyizia nguo kwa vidole. Dobi hakuwa hata na haja ya kusema "bado hapa". Vidole vilikuwa vinajua.

Akakaa kwenye benchi la mawe ajifunze kuuliza swali lake, maana jioni ilikuwa inakuja. "Mwanangu, ile nyumba imekuwa kubwa." Hapana, hayo ni malalamiko. "Mwanangu, nikikaa kwenu nitawapigia pasi." Hapana, hiyo ni kuomba kazi. "Mwanangu, mama yako angekuwepo." Hiyo ndiyo kabisa, ni kumkaba mtoto koo. Akaendelea kulisuka na kulifumua, na kule nje yule bibi mdogo akainuliwa, akashikwa kwapa huku na huku hadi kwenye basi. Baadaye Dobi alisimuliwa ilivyokuwa. Mwongozaji, bado chupa ya maji mkononi, aliuliza swali lake. Viti vyote vikajibu yupo, bibi mkubwa kwa sauti kuliko wote. Dereva akatia gia. Mwongozaji alikuwa amemuuliza kila mtu isipokuwa nafsi yake.

Dobi alipotoka alikuta doa la oili pale lilipokuwa basi, na mlinzi wa geti anachokonoa meno.

"Wenzako wameondoka, mzee. Hawakukuhesabu?"

"Huwa hawahesabu."

"Piga simu basi."

"Simu nimeiacha sebuleni, inachaji."

Mlinzi akamwonyesha kwa kidevu: barabara ile ile moja kwa moja, mnara utauona, ukiukosa huo basi macho huna.

Akatembea. Maofisi yalikuwa yanafungwa, watu wanamiminika njiani, wanampita pande mbili kama maji yanavyopita gogo. Alimuuliza kijana mmoja kama amebakiza mbali. Kijana akasema "nakuja, nakuja", kumbe anajibu simu. Dobi hakuwa na hasira. Tena, kusema kweli, kuna raha ndogo iliyomwingia. Aliwaza binti yake ameshafika mnarani, anamshika mwongozaji bega, baba yangu yuko wapi, anazunguka basi, anaita. Alitamani atafutwe. Akapunguza mwendo kidogo, ili wamtafute vizuri.

Chini ya mnara alimkuta dereva peke yake, ameegemea basi, anamenya chungwa. Wengine walikuwa juu, wanapiga picha.

"Wee mzee. Umetutia homa."

"Binti yangu yuko juu?"

Dereva akaacha kumenya. "Binti yako hajaja. Alimpigia mwongozaji hapa tulipofika, akasema zamu imeongezwa, mwambie baba sifiki. Mwongozaji akageuka akupe ujumbe. Basi hapo ndipo alipoona hupo. Kakodi pikipiki karudi jumbani."

"Kumbe asingepiga simu..."

"Asingepiga, mzee, nisikudanganye, safari ingekwisha hivyo hivyo."

"Na yeye mmemwambia nimepotea?"

"Tungemwambiaje? Alikuwa ameshakata."

Kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameita. Dobi aliomba simu ya dereva. Namba ya binti yake alikuwa nayo kichwani, ndiyo namba pekee aliyokuwa nayo kichwani.

"Haloo? Ni mimi baba."

"Baba! Mnara umeuonaje?"

"Mrefu. Sikiliza, mwanangu, nilikuwa na swali."

"Tutaongea nyumbani, baba, hapa nimebanwa."

"Nyumbani kuna televisheni."

Binti akacheka, akasubiri. Yale yote aliyoyasuka jumbani yakamtoka, likabaki swali lenyewe. "Nikisema nihamie kwenu. Nisiwe wa kuja na kuondoka. Itakuwaje?"

Dobi alisikia magurudumu ya kitanda yakipita, na mtu akimwita nesi.

"Baba, wewe tena? Karibu wakati wowote. Kwetu ni kwako."

Aliyasema vizuri, haraka, kwa sauti anayowapa ndugu wa wagonjwa. Dobi alikuwa amekula chumvi ya kutosha. Mtu wa nyumbani haambiwi karibu. Mtu wa nyumbani anaambiwa funga mlango, mbu wanaingia.

"Ila tu, baba, mama mkwe anakuja mwisho wa mwezi kwa matibabu. Tutabanana kidogo. Lakini karibu, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Nilikuwa nauliza tu."

Akamrudishia dereva simu. Dereva akamkatia nusu ya chungwa. Hawajalimaliza, pikipiki ikafika, na mwongozaji akashuka na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mzee wangu, nimekusahau. Nimewauliza watu wote."

"Uliuliza vizuri. Mimi ndiye sikuwa na wa kunijibia."

"Utamwambia binti yako?"

"Simwambii. Atakosa usingizi bure, na zamu zimembana."

Dobi alirudi kwake wiki ile ile. Binti yake alimsindikiza stendi na akalia. Mama mkwe alikuja, akatibiwa, akapona, na hakuondoka tena. Mkwe alinunua televisheni kubwa zaidi. Binti akawa mkuu wa wodi. Alipiga simu alipopata nafasi, na kila mara alimwambia baba yake karibu. Wale mabibi hawakusafiri tena, maana mdogo alifariki mwaka uliofuata. Mkubwa anakaa na wajukuu. Maharusi walihamia mji mwingine. Mwongozaji aliacha kazi ya kutembeza watu, sasa anauza tiketi dirishani. Dereva bado anaendesha basi lile lile. Dobi aliendelea kufua nguo za watu mpaka macho yalipokataa, kisha akafa, mchana, nyumbani kwake. Nyumba imepangishwa kwa fundi redio.