Maharage Bila Mafuta

Mwaka mzima Eneyda alimpikia mumewe maharage bila mafuta, na mwaka mzima Nolasco aliyala kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Mkata miwa wa Nikaragua ukimnyima mafuta ya nguruwe, basi umemfunga jela.

"We mwanamke, hata wafungwa wanatiliwa tone," alilalamika.

"Wafungwa hawana figo mbovu. Kula."

Alikuwa na sababu. Daktari Barahona, mama aliyekuja kuchunguza figo za wakata miwa, aliwahi kusema kanisani kwamba figo hizo zimejaa mafuta. Eneyda hakungoja kusikia zaidi. Alirudi nyumbani na neno hilo moja, akamwaga kopo zima la mafuta uani, mbwa wakala sikukuu.

Lakini presha haikushuka. Jumatatu moja, msimu wa miwa ukikaribia, kipimo cha kliniki ya Daktari Barahona kilisoma mia moja sabini na nane kwa mia moja na kumi, na miguu ya Nolasco ilikuwa imevimba hata viatu haviingii. Alipotoka kwenda kutoa mkojo wa kupimwa, Eneyda akafunga mlango.

"Daktari, mafuta hayagusi kabisa. Naapa kwa Bikira. Sasa yanatoka wapi?"

Daktari alivua miwani. "Kumbe ulielewa hivyo? Mama, siyo mafuta ya sufuria. Figo ina kazi nzito, na kuni zake ni mafuta. Inayachoma ndiyo ipate nguvu. Mtu akikata miwa juani, na kiu, siku baada ya siku, figo inaumia na ule moto unafifia. Mafuta yanalala humo humo bila kuchomwa. Figo inaota makovu, chumvi haitoki inavyotakiwa, presha inapanda. Na presha ikishapanda, inarudi kuimaliza figo ile ile."

"Kwa hiyo chakula changu..."

"Chakula chako hakina kosa, punguza chumvi tu. Ila akirudi shambani msimu huu, sikufichi, hafiki Pasaka."

Kila Novemba kiwanda cha sukari kilipima damu za wakataji, mwenye figo mbovu hapewi kazi. Kila nyumba pale kijijini iliijua dawa yake: ndugu mzima huenda na kitambulisho chako, akakutolea damu. Nolasco alitolewa na binamu yake Wilfredo, misimu miwili sasa. Na nani alipiga pasi shati la Nolasco ili Wilfredo afanane na picha? Eneyda, kwa mikono yake mwenyewe. Alimnyima mumewe mafuta, akampa jua. Aibu ilimshika hata akashindwa kumwangalia daktari.

Asubuhi ya siku ya kupimwa alimkuta Wilfredo kwenye foleni ya kiwanda, amevaa lile shati.

"Shemeji, vua hilo shati."

"Hapa? Mbele za watu? Umerogwa?"

"Hapa hapa."

Watu wakacheka, mmoja akapiga mluzi. Eneyda alimpita, akaenda moja kwa moja kwa karani, akasema yote. Nyuma yake kicheko kilikatika, maana wengi kwenye foleni ile walikuwa wamevaa mashati ya watu.

Mchana alimwandalia Nolasco mihogo ya kuchemsha juu ya jani la mgomba, na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka, na kabichi pembeni. Nolasco alikitazama chakula hicho cha sikukuu, kisha akamtazama mkewe.

"Nani kafa?"

"Hakuna. Jina lako limefutwa kiwandani. Nimewaambia kila kitu."

Nolasco alisimama, akashika ukuta. "Umenikatia riziki, Eneyda. Mke wangu mwenyewe!"

"Nimeikata."

"Na tutakula nini?"

"Leo tunakula hiki. Kesho naanza kazi ya kukaanga kwenye kibanda cha mama Socorro sokoni. Kelele zako nitazivumilia, mradi uwe hai wa kunipigia."

Nolasco alirudi kuketi chakula kikiwa kimepoa. Mwishowe akachukua kipande cha ngozi, akatafuna polepole.

"Haina chumvi."

"Wala haitakuwa nayo tena," Eneyda alisema, na hapo ndipo alipolia. Nolasco akasogeza lile jani katikati yao, wakala.